Mfereji wa Diwani

Kila asubuhi kinyozi alifuta mashine kwa spiriti, akatundika taulo tatu, kisha akafagia sakafu hata kama haikuwa na unywele. Alitaka ianze safi, ili ajue kilichoanguka kimetoka kichwani kwa nani.

Maana viongozi wakinyolewa hazianguki nywele tu. Mbunge alidondosha utepe mwekundu na mkasi wa kuukatia. Meya alidondosha picha zake kumi na mbili, zote akipunga mkono. Katibu wa chama hakudondosha kitu, na kinyozi hakumcheka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wengine wana vipara tangu utotoni. Alifagia, akatia kwenye ndoo, Ijumaa akamwaga.

Diwani walimwita Kichaka kwa sababu ya nywele zake. Alikuwa mtu mpole ambaye kila mkutano alikwama katikati ya sentensi akitazama ardhi, na watu wakacheka kwamba hana kitu kichwani. Dada yake kinyozi alicheka pia. Yeye aliishi mtaa wa bondeni, na kila msimu wa mvua maji yalimwingilia ndani mpaka kitandani.

"Kaka, safari hii nampa kura mtu anayeeleweka," alisema. "Huyu wenu kila siku kama ametoka kulala."

Kinyozi alimpenda diwani. Uchaguzi ulipokaribia, yeye ndiye aliyemshauri diwani.

"Mheshimiwa, nyoa zote. Watu wanapima akili kwa macho."

"Zote?"

"Zitaota tena."

Diwani akafumba macho. Upande wa kushoto ulianguka nywele tupu. Upande wa kulia ukaanguka mfereji. Ulikuwa wa zege, upana wa kiganja, mrefu kama duka lenyewe, na ulikuwa na mifuniko na vidaraja vya watoto kuvukia. Kinyozi akazima mashine. Aliitambua kona ya kisimani kule bondeni, na ule mpindo unaopita nyuma ya jiko la dada yake.

"Mheshimiwa, kuna kitu chako hapa chini."

Diwani akachungulia. "Hapana, si changu," alisema kwa adabu, akageukia kioo na kutabasamu.

Kinyozi alijaribu kuurudisha kwa taulo la moto. Haukushika. Roho ilimuuma siku nzima, kwa kuwa mkono ulionyoa ulikuwa wake.

Kwenye mabango kichwa kile kiling'aa. Mkutanoni diwani hakukwama tena, maana hakubaki na cha kumkwamisha. "Kumbe jamaa ana akili!" watu walisema, wakammiminia kura. Dada alimpa yake, na matokeo yalipotangazwa akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Nywele hazikuota. Mara tatu kinyozi aliubeba mfereji kwenye gunia mpaka ofisini kwa diwani. Diwani alimpokea vizuri, akauliza habari za nyumbani, akampa kalenda yenye picha yake. Kinyozi hakuwa na moyo wa kuutupa. Akaulaza sakafuni dukani, kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni, na wateja wakazoea kuuruka.

Mvua zilipokuja, dada alifika asubuhi na godoro kichwani, gauni limelowa mpaka kiunoni. Maji yalikuwa yakipenya chini ya ukuta wa nyuma wa duka, yakiingia mferejini na kutoka mlangoni taratibu. Sakafu ilikuwa kavu.

"Nani kaujenga huu?"

"Diwani."

"Huyu huyu?"

"Kabla sijamnyoa."

Dada akatua godoro juu ya kiti. Akachuchumaa, akaufuata mfereji kwa macho mpaka kwenye mpindo.

"Na hapa ni wapi?"

"Nyuma ya jiko lako."

Akatia kidole pale. Maji yalipita bila kusimama. Akafuta kidole kwenye gauni ambalo halikuwa na pakavu, akauliza atandike godoro upande gani.