Majina ya Mapumziko

Kura zilikuwa tatu kwa tatu, na Zacharia ndiye aliyebaki hajainua mkono. Kamati nzima ya timu ilikuwa imebanana kwenye chumba cha madereva pale Al-Sulimaniyah, viatu mlangoni, chai ya maziwa ikipoa, na wote sita wakimkodolea macho. Swali lilikuwa moja tu: timu ihame Ligi ya Ijumaa au ibaki.

Ligi ya Ijumaa ilikuwa na timu nane za Wakenya wa Riyadh: madereva, walinzi, wabeba mizigo. Walicheza alfajiri mabosi wakiwa bado wamelala, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala. Mpira wenyewe ulikuwa wa kubutua na kukimbilia. Lakini tangu Robinson, mlinzi wa jengo moja la ofisi, aanze kuurusha mubashara kwa simu yake, watazamaji walifika elfu nne. Wengi wao walikuwa dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, Riyadh na kwingineko, simu zimefichwa nyuma ya gunia la mchele na sauti imepunguzwa madam asisikie.

Wala hawakuwa na haja na mpira. Walingoja mapumziko. Hapo Zacharia, katibu wa timu, alisimama mbele ya simu na kusoma majina ya wanawake waliokuwa kimya, mtaa wanaokaa na alama yoyote ya nyumba. Anayeijua nyumba hiyo aliandika chini ya video. Rosebellah alipatikana hivyo. Alikuwa kimya wiki tatu; jina lilipotajwa, dereva mmoja akaandika kwamba amemwona hospitalini, mguu umevunjika, na kufikia jioni watu walikuwa wamempelekea uji.

Sasa Robinson alikuwa amekuja na suti na neno jipya mdomoni.

"Hizo ni views, budaa," alisema. "Watu elfu nne kila Ijumaa, bure kabisa? Kuna ajensi Nairobi iko tayari kulipa. Lakini inataka timu nne kali tu, mbili za huku, mbili za Jeddah. Ligi mpya, uwanja wa nyasi, kamera tatu. Mechi ya kwanza Jeddah."

"Na hizo timu zingine sita?" Zacharia aliuliza.

"Si wataendelea tu na vumbi yao."

Ajensi yenyewe ndiyo ileile inayowaleta hao wasichana. Iliwauza mara ya kwanza kwa ada ya kazi, na sasa ilitaka kununua macho yao, ili wadogo zao walioko nyumbani wavutiwe na kuja. Ukiliwaza sana jambo hilo, mate yanakuwa machungu. Zacharia aliliwaza, na bado akainua mkono wa ndiyo.

Alikuwa na sababu, na jina lake ni Selipher, binti wa baba yake mdogo. Ajensi hiyohiyo ilimpeleka kwenye nyumba moja Al-Hamra, Jeddah, na huu ulikuwa mwezi wa pili hajulikani aliko. Zacharia alikuwa amelisoma jina lake mara tatu bila kupata jibu, kwa kuwa watu wa Jeddah hawakuwa wakiangalia mpira wa Riyadh. Timu za Jeddah zikiingia, alijiambia, madereva wa Al-Hamra watakuwa wanatazama. Jina lake likitajwa mbele yao, atapatikana. Kwa hesabu yake hiyo aliziuza timu sita.

Absalom, nahodha wa watani wao wa Al-Dirah, alimfuata hadi sokoni kesho yake. Kwa miaka mitano wawili hao walikuwa wakitukanana uwanjani na kula pamoja baada ya mechi.

"Na sisi tucheze na nani, Zacha?" alimuuliza.

"Mnabaki timu sita."

"Sita bila simu. Robinson ameenda na simu. Wale dada wa huku wanatusikia wapi?"

Zacharia alisema ni kwa muda tu, kwamba majina yatasomwa kulekule Jeddah, na ya huku pia. Absalom alirudi kwenye duka la mwajiri wake kupanga vitambaa. Hakumuaga.

Safari ya Jeddah ilikuwa kilomita mia tisa na zaidi, na hapo ndipo nusu ya timu ilipopukutika. Kafili gani, yule mwajiri anayeshika vibali vyako, atampa dereva ruhusa ya siku mbili akacheze mpira? Robinson hakubabaika. Aliziba mapengo na vijana wa Jeddah ambao Zacharia hakuwajua hata kwa sura, akawavalisha jezi za timu, na jina la ajensi likawajaa kifuani kuliko jina la timu. Wachezaji walioianzisha timu hiyo kwa kuchangishana riyali walikuwa wamebaki Riyadh wakiosha magari. Hiyo nayo mkaiite timu.

Mechi ilianza alasiri. Nyasi zilikuwa nzuri, si uongo. Robinson alitembea huku na huku akitangaza idadi ya watazamaji utadhani anauza mitumba: elfu sita, elfu saba, elfu tisa. Filimbi ya mapumziko ilipolia, Zacharia alitoa kikaratasi chake. Selipher alikuwa wa kwanza, na chini yake majina kumi na moja ya Riyadh.

Robinson akampa karatasi nyingine, iliyopigwa chapa.

"Leo unasoma hii tu. Majina mafi, hakuna."

"Mafi vipi? Tulikubaliana."

"Nani alikubali? Wewe ulisema, mimi nikanyamaza." Robinson alishusha sauti. "Ukitaja msichana amepotea, umeitaja ajensi. Utamchafuliaje mtu jina na yeye ndiye analipa?"

Mtu wa ajensi, John, bwana mnene mwenye manukato makali, alisogea akiwa na tabasamu. Akamshika Zacharia bega kama shemeji yake. "Kaka, huyo dada yako file yake iko kwetu. Soma vizuri, na Jumatatu mimi mwenyewe napigia kafili wake. Wanakuamini wewe. Sauti yako ndiyo tumelipia."

Zacharia alitaka kumtemea mate. Badala yake akapiga hesabu nyingine, na hesabu zake ndizo zilizomponza tangu mwanzo: angesoma takataka yao hadi mwisho, kisha, kabla hawajazinduka, angelitaja jina la Selipher na mtaa wake. Sekunde tatu zingemtosha.

Akasimama mbele ya kamera. "Dada zetu wote walioletwa Saudia na ajensi hii wako salama," akasoma. "Wana furaha, na tunazungumza nao kila wiki. Mimi Zacharia mnayenijua, ndiye shahidi." Alivuta pumzi. "Na sasa namtafuta..."

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa imeshazimika. Robinson alimjua vizuri mno. Alikuwa amekata sauti kwenye neno shahidi na kugeuza picha kwa wachezaji wanaokunywa maji.

"Halas, imeisha," Robinson alisema, akimpigapiga mgongoni. "Umesoma poa sana."

Kipindi cha pili Zacharia hakukitazama. Alikaa nyuma ya benchi akijisikia mchafu, aina ya uchafu usiotoka kwa maji. Baada ya mechi waliletewa kuku na wali kwenye sinia kubwa, John akiwahimiza wale, yalla, yalla, leo ni ya ajensi. Harufu ya kuku ikachanganyika na ya manukato. Zacharia aliinuka, akaenda kusimama ukutani, akafungua simu yake kusoma yaliyoandikwa chini ya mechi.

Mengi yalikuwa mioyo na pongezi. Wengine waliuliza mbona majina hayajasomwa. Aliteremsha polepole hadi akaliona jina la Kifilipino asilolijua, na chini yake Kiswahili cha kwao nyumbani, kimeandikwa dakika mbili kabla ya mapumziko.

"Kaka Zacha ni mimi Selipher. Nimeazimwa simu dakika kumi tu. Nisome wasikie niko Al-Hamra, barabara siijui, lango la kahawia limebonyea chini. Madam amenifungia. Hapa kwa jirani nimeruka ukuta. Nisome waje wanichukue, nangoja."

Alilipigia lile jina la Kifilipino kwa mesenja. Hakupokelewa. Alipiga tena na tena, huku akiteremsha, na mara akakutana na ujumbe wake wa pili, ulioandikwa alipomaliza kusoma karatasi ya John.

"Nimekusikia ukisema sote tuko salama. Basi kaka, narudi ndani."