Mtani wa Makarius

Shangazi Kunegunda alitoka chumbani na shati la marehemu, mtoto wa kaka yake, mkononi, akapita katikati ya wanawake waliokaa mikekani, akalitupa mapajani mwa Lidwina. Lilikuwa shati la kitenge, lile ambalo Makarius alilivaa siku ya kupokea shahada kwa sababu tai ilimkaba.

"Mtani, inuka," alisema. "Tumeshazika. Kazi iliyobaki ni yako."

"Shangazi, naomba mniache leo. Sina nguvu."

"Nguvu utazikuta hukohuko uwanjani. Mzee Rupert mgongo umemlaza kitandani, baba yako kasafiri kikazi, na Mhehe mwingine hapa mtaani Bombambili hatuna. Tena wewe umeisomea kazi hii mpaka digrii. Au serikali ilikusomesha bure?"

Wanawake walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachofunikwa kwa pindo la khanga. Ndivyo utani ulivyo. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane kwa upendo. Tangu hapo Mngoni akifa, Mhehe ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo zake, kutembea kama yeye, kutaja uchoyo wake na ulevi wake mbele ya wafiwa, mpaka watu wacheke na pumzi iwarudie. Mtani halii msibani. Akilia, watu wanajua anaigiza.

Na Lidwina alitaka kulia, masikini. Alikuwa amesafiri kutoka Dar es Salaam akiwa ameyabana machozi njia nzima, akafika jeneza likiwa tayari mlangoni. Malaria ilimpanda Makarius kichwani mwanzoni mwa wiki, na wiki haikuisha naye. Kijana wa watu, hata mvi moja alikuwa hajaota. Tena Lidwina alikuwa na swali la miaka minne, na aliyeweza kulijibu walikuwa wamemfukia asubuhi ile.

Walijuana tangu usichana na uvulana wao. Baba yake Lidwina alikuwa bwana misitu, akahamishwa kutoka Iringa kuja Songea na familia yake. Parokiani walitafuta vijana wa kuigiza mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Makarius akapewa Pilato, Lidwina akapewa yule kijakazi anayemuumbua Petro. Siku ya kwanza ya mazoezi Makarius alimtazama, akawageukia wenzake na kusema, "Jamani, fungeni mbwa wenu, Mhehe kaja." Lidwina akamjibu kuwa mbwa ni nyama ya heshima, afadhali ya watu wanaofukuza panya mashambani kwa jembe. Urafiki wao ulianzia hapo, na bahati mbaya yao pia ilianzia hapo.

Wote wawili wakachaguliwa Chuo Kikuu, Mlimani, kusomea drama na filamu. Nyumbani hakuna aliyeelewa. Shangazi Kunegunda aliuliza kama kweli mtu anapanda basi mpaka Dar es Salaam kwenda kufundishwa kucheka. Wao walikwenda. Walikariri pamoja, wakagawana sahani moja ya wali pale fedha ya kujikimu ilipochelewa, wakapanga foleni ya kamera. Maana kamera ya video ilikuwa moja kwa darasa zima. Miaka michache nyuma nchi nzima ilipanga foleni ya sukari na sabuni. Sasa sukari na sabuni zilijaa madukani, foleni ikahamia kwenye kamera. Makarius alikuwa mwigizaji hasa. Akiigiza mzee, goti lake lilikuwa linauma kweli. Lidwina yeye alipenda kukaa nyuma ya kamera, na mara nyingi aliyekuwa mbele yake alikuwa Makarius, kwa hiyo alimjua kwa namna ambayo hata mama yake hakumjua.

Mwaka wa tatu, zamu yao ya kamera ilipofika, betri ikaisha kabla ya jua kuzama. Wakakaa kwenye ngazi za ukumbi kusubiri nyingine, wenzao wamezagaa pembeni. Makarius akasema kwa sauti ya chini, "Lidwina, tukimaliza nataka nikupeleke kwa mama. Nataka nikuoe."

Moyo wa Lidwina uliruka. Angenyamaza tu, mambo yangekuwa mengine. Lakini mdomo wa mtani umezoea kukimbia kabla ya moyo kuvaa viatu. Akajibu kwa sauti ya jukwaani, wote wasikie: "Unioe kwa mahari gani, wewe mla panya? Utamletea baba yangu panya wakavu waliotungwa kwenye kijiti?"

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Makarius naye alicheka, akasema panya wa Ungoni wana mafuta kuliko ng'ombe wa Iringa, na betri ikaletwa, wakaendelea kupiga picha.

Tangu siku ile Lidwina hakujua. Makarius alikuwa anatania, au alikuwa anasema kweli? Angeweza kumuuliza, mtu atasema. Haya, mtani unamuuliza vipi? Ukimwambia unampenda, atakwambia lete mbwa tule. Ukinuna, atasema Wahehe wana hasira, na watu watacheka. Lugha yao wawili ilikuwa haina mahali pa kuweka neno la kweli.

Basi wakamaliza chuo, wakakuta dunia imebadilika. Zamani mhitimu alipangiwa kazi, akatumwa wilayani kuwa bwana utamaduni. Sasa serikali ilikuwa inapunguza watu. Lidwina akapata kibarua Dar es Salaam kwa tajiri mmoja aliyefungua studio, akawa anakata na kuunga picha za matangazo ya sabuni. Makarius akarudi Songea, akafungua banda la video mtaa wa Mfaranyaki. Alisimama kando ya televisheni akitafsiri filamu za Wachina wanaopigana, kila mama wa Kichina akimpa sauti ya Shangazi Kunegunda. Watu walikuja kumsikiliza yeye zaidi ya filamu. Kila Krismasi Lidwina alipokuja kuwaona wazazi, alipita pale bandani akiomba Mungu Makarius aseme tena yale maneno ya kwenye ngazi. Naye Makarius alimpokea kwa kuuliza mbwa wa jirani wamekwenda wapi. Lidwina alicheka, akarudi Dar es Salaam na kicheko chake.

Sasa akalivaa shati. Lilinuka sabuni na petroli ya jenereta, likamfika magotini. Akatoka uwanjani.

Alianza na mwendo, bega la kushoto mbele. Wanaume waliokaa kwenye mabenchi wakaguna, kisha wakacheka, maana alikuwa ni Makarius mtupu. Akaigiza jinsi alivyocheza ngoma ya lizombe akiwa amelewa pombe ya komoni. Akaigiza yule mama wa Kichina mwenye sauti ya Kunegunda, na Kunegunda mwenyewe akamtupia kandambili. Msiba ukaanza kupumua.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Benigna, mama mzazi, alikuwa ameegemea ukuta na khanga kichwani, kikombe cha uji kimepoa mbele yake. Tangu mwanawe akate roho alikuwa hajala wala hajasema neno. Lidwina alipomtazama akaona uso wa Makarius, kidevu kilekile, na hapo uigizaji ukamwishia. Akapiga magoti mavumbini, akalia. Alilia kwa sauti, makamasi yakimtoka, akilitaja jina la marehemu.

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakayumba.

"Mtazameni mtani anavyolia," alisema Kunegunda. "Machozi kabisa. Kweli serikali haikupoteza hela."

"Sitanii," Lidwina alisema. "Nilimpenda huyu mtu. Haki ya Mungu nilimpenda."

Wakacheka zaidi. Akaona hawezi kutoka kwenye mchezo ule kwa kulia, ila kwa kuigiza. Akasimama, akajifuta kwa mkono wa shati, akasema kwa sauti ya Makarius, ile ya chini: "Lidwina, tukimaliza nataka nikupeleke kwa mama. Nataka nikuoe."

Mama Benigna aliinua kichwa. Sauti ilimtoka imekwaruza. "Na wewe ukamjibuje?"

Lidwina alikuwa na jibu moja tu, lile alilolitoa. "Nikamwambia, utanioa kwa mahari gani, wewe mla panya?"

Mama Benigna akacheka. Kilimtoka kwanza kama kikohozi, kisha kikawa kicheko chenyewe, khanga ikamdondoka begani. Wanawake wakatazamana kwa furaha. Mmoja akamwekea kikombe mkononi, naye akanywa.

"Ndivyo alivyokuwa huyo," alisema mama, akifuta macho. "Hata mimi alinijia Pasaka hii, kakaa jikoni kwangu. Akasema, mama, namtaka Lidwina, Krismasi akija namwambia tena. Nikamwambia, subiri kwanza tufunge mbwa. Tulicheka siku hiyo mpaka mboga ikaungua. Akaenda mpaka kwa Mzee Rupert kumwomba awe mshenga. Mzee wa watu naye kamjibu alete panya kwanza."

Watu walipiga makofi kwa kicheko. Lidwina alisimama palepale. Mwanamume hatafuti mshenga kwa utani. Makarius alikuwa amesema kweli mara tatu, kwa watu watatu, na wote watatu walimcheka, wa kwanza yeye.

"Mama," alisema, "Makarius alikuwa..."

"Alikuwa nini, mwanangu?"

Mama alimtazama akitabasamu, uji umemlowesha midomo. Lidwina aliona kwamba neno moja tu likimtoka, kikombe kile kitawekwa chini na huenda kisiinuliwe tena.

"Alikuwa mla panya mkubwa," alisema, akatanguliza bega la kushoto, akaendelea kuzunguka uwanja. Watu wakacheka, na mama Benigna akanyoosha kikombe aongezewe uji.