Mlio Mdogo Ndani ya Ngurumo

Mama alisema mashine yake ya kusaga inagonga. Kidogo tu, tk, ndani ya ngurumo yote ile. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiye fundi wa mashine, alitega sikio, hakuambulia kitu, akatania kwamba kinachogonga labda ni masikio ya mama. Mama aliposhikilia neno lake, utani ukaisha. Fundi akamvuta dada yake pembeni: mama apumzike, akili imeanza kuchoka. Mama aliyasikia hayo.

Dada mtu alikuwa akisafisha sauti za kanda na rekodi za watu, kuziondolea kelele, kazi aliyojifunza mwenyewe. Alibandika kipaza sauti kwenye mwili wa mashine, akarekodi, akasafisha kama alivyozoea. Ikabaki ngurumo laini, bila tk. Akamwambia mama alichokipata.

"Haya," mama alisema, akaendelea kukung'uta unga kwenye aproni. Lakini tangu hapo akawa anauliza mara mbili mbili kama amefunga mlango.

Swali hilo la mlango lilimkosesha binti raha. Alirudia kazi yake hatua kwa hatua, ndipo akajishika kichwa. Miaka yote, kwake sauti fupi ni uchafu: vumbi, mkwaruzo wa kanda. Alichotumwa kukitafuta ndicho alichokifuta kwanza.

Akarekodi upya, safari hii bila kusafisha. Alipaka alama nyeupe kwenye puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda wa mashine, akaweka jicho dogo la umeme la kuiona alama hiyo kila ikipita, akakata rekodi mzunguko kwa mzunguko na kuilaza mizunguko yote, mmoja juu ya mwingine. Ngurumo haikupatana na yenyewe, mara huku, mara kule, ikafifia. Tk iliangukia palepale kila mara, ikazidi kuchomoza.

Alimvalisha mama spika za masikioni taratibu, akimsogezea nywele. Mama akafumba macho.

"Ndiyo hiyo." Akafumbua macho. "Nilianza kujiogopa, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyeifuta, mama. Nisamehe."

"Si umeirudisha?"

Fundi alifungua puli. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetambaa karibu na shafti, chuma kinachoishika katikati. Akajifuta mikono, asitanie. Kisha akaenda kuiwasha mashine ya pili ya kusaga, iliyokuwa kando, akamsogezea mama kiti karibu nayo.

"Na hii, mama, unaisikiaje?"