Foleni ya Ndara

Saa tisa na nusu alasiri, Hawo alikung'uta vumbi la mahindi kwenye leso yake, akamketisha mwanawe Sufian kizingitini, akaenda kusogeza ndara kwenye foleni ya zahanati. Ndiyo iliyokuwa desturi ya mtaa ule ulio nyuma ya msikiti, mjini Kitale. Zahanati ilihudumia wagonjwa ishirini kwa siku, na wagonjwa hawakuwa ishirini tu. Basi mtu aliweka ndara yake mstarini imshikie nafasi, naye akaenda zake kutafuta riziki. Kila jioni watu walikuja kuzisogeza mbele, kila mmoja ya kwake. Kugusa ndara ya mwenzio ilikuwa aibu kuliko kuiba kuku.

Zamani watu walifika wenyewe zamu zao zilipowadia. Kisha Sista Jentrix, muuguzi wa pekee pale, alichoka kuita watu walioko vibaruani, akaanza kutibu ndara. Aliiweka mezani, akasikiliza soli kwa kile kipimo chake cha masikioni, akaandika kitabuni, akaimiminia kijiko cha dawa. Mwenye ndara alipona huko huko aliko. Watu waliona ni afadhali, maana kibarua cha siku hakikupotea.

Sufian alikuwa na miaka mitano na kifua kilichopiga mluzi. Nyumba yao ilitazamana na ghala la mahindi, na feni kubwa za ghala zilipuliza vumbi mlangoni mwao tangu asubuhi hadi jioni. Hawo mwenyewe alichekecha mahindi yaliyomwagika kando ya malori, kwa hiyo vumbi ambalo feni zilisahau, yeye alilileta nyumbani kwenye nguo. Alilijua hilo, na lilimkosesha usingizi.

Alikuwa ameanza kwa kutaka kununua ndara mpya. Inderjit, mwenye duka la viatu, ndiye aliyemkataza.

"Mama, mpya haijui mtu," alimwambia. "Sista atasikiliza nini hapo?"

Ndara za Sufian, pea moja ya bluu, zilikuwa zimesahauliwa Bungoma kwa Leila, mdogo wake Hawo, walipokwenda huko wakati wa Idd. Leila alizifunga kwa gazeti akampa dereva wa matatu. Hawo alizipokea stejini na siku hiyo hiyo akaweka ya kushoto mstarini. Ilichukua siku nane za kazi kufika dirishani.

"Ya bluu, ya mtoto!" Sista Jentrix aliita. Aliisikiliza muda mrefu. "Kifua kimechafuka hiki, Mama Sufian. Lakini tumewahi." Akaimiminia dawa.

Hawo alikimbia nyumbani. Sufian alikuwa ameegemea ukuta, na mluzi ulikuwa pale pale. Hawo aliketi mbele yake akimtazama, kama mtu anayengoja maji yachemke, hadi simu ilipolia.

"Dada, Huzaifa amepona!" Leila alisema kutoka Bungoma. Huzaifa alikuwa mwanawe, rika moja na Sufian. "Ati tangu saa nne hata hakohoi, bana. Anakimbia huko nje."

"Alikuwa anavaa ndara za Sufian?"

"Si mlizisahau, dada? Alizivaa kila siku. Zilimtosha."

Hawo alimpongeza. Alifurahi kwa ajili ya mtoto yule, na papo hapo akamwonea wivu mkali hata akajichukia.

Sista hakuona ajabu yoyote Hawo alipomweleza. Alisema ndara imeshika mguu wa mwingine; Sufian azivae siku tatu, atembee nazo, kisha irudi mstarini, nyuma kabisa. Siku tatu hizo Hawo alimtembeza mtoto asiyeweza kutembea. Walitoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji, mkono wake ukiwa mgongoni mwa mtoto, na kila walipopita ghala alimfunika uso kwa leso.

"Mama, nimechoka."

"Mpaka pale kwa karai, baba. Halafu tunapumzika."

Jumatatu aliirudisha ndara mstarini. Mbele yake palikuwa na ndara kuukuu ya ngozi ya Mzee Abdirashid, bawabu wa lile ghala, ambaye aliiweka mwenyewe asubuhi hiyo na kufariki Jumatano kwa kifua. Alizikwa kabla ya jua kutua. Mjane wake, Khairunisa, aliendelea kuja kila jioni kuisogeza. Hakuna aliyemuuliza. Ndara za marehemu zilikuwa nyingi mstarini na hazikuondolewa, kwa kuwa zamu ni zamu.

Jumatano ya wiki iliyofuata, Hawo alihesabu kutoka dirishani. Kesho yake ndara ya Mzee Abdirashid ingekuwa ya ishirini, ya Sufian ya ishirini na moja. Usiku uliotangulia midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Alikwenda kwa Khairunisa, akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya unga.

"Najua kilichokuleta, Mama Sufian," Khairunisa alisema mwishowe. "Lakini mzee aliniusia nisiitoe. Aliniambia, 'Hata nikichelewa, nataka nijue vile watu hupumua.'"

Hawo alirudi kupitia zahanati. Hapakuwa na mtu. Aliinama akaishika ile ndara ya ngozi, akiogopa kile alichotaka kufanya. Kuisukuma nyuma hatua moja tu. Aliifuta vumbi, akainyoosha, akaiacha ilipokuwa.

Alhamisi Sista alitibu ishirini akafunga dirisha. Alasiri Mzee Abdirashid akaja nyumbani kwake, amevaa sanda, akaketi nje na kuitisha chai ya tangawizi. Alivuta pumzi hadi mwisho, akaiachia polepole, akavuta nyingine.

"Dawa ni nzuri," alimwambia Hawo, aliyekuwa akipita kwenda kusogeza ndara. "Mtoto wako amebakiza nani mbele?"

"Hakuna, mzee. Kesho ni wa kwanza."

"Alhamdulillahi."

Kabla ya Magharibi aliaga akarudi makaburini kwa miguu. Dawa ilikuwa ya kifua, na kifua kilipona. Kufa lilikuwa jambo lingine.

Ijumaa Hawo alifika mapema. Mafundi walikuwa wakipigilia mabati juu ya foleni. Wakubwa fulani walikuwa wamesikia malalamiko ya watu, wakatoa kibanda ili ndara zisinyeshewe. Kilikuwa kibanda kizuri, hakivuji popote. Dirishani palibandikwa karatasi: dawa ya kifua imekwisha, ndara zisiondolewe.

"Italetwa lini?" Hawo aliuliza.

"Wanasema wiki hii," Sista Jentrix alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hata wiki jana walisema hivyo."

Khairunisa alikuja na kitambaa akamwonyesha Hawo jinsi ya kufuta umande kwenye soli bila kufuta alama ya mguu.

"Usiitoe, Mama Sufian," alisema. "Hata iweje, usiitoe."

Hawo alielewa alichoambiwa. Alikwenda nyumbani akamlaza Sufian mapajani, akaweka mkono juu ya kifua chake, akasikiliza mluzi ukienda na kurudi. Feni za ghala zilikuwa zimeshawashwa.

Kesho yake alikwenda kufuta ndara. Kesho kutwa akaenda tena. Ilikuwa bado ya kwanza.