Ua Usiomkohoza Mtu

Jumanne ilikuwa siku ya Doña Wilberta Tzuc. Kwa miaka thelathini na minne mtaa wetu katika mji wa Mérida, Meksiko, ulipanga shughuli zake kwa kuizingatia siku hiyo. Nguo hazikuanikwa, madirisha yalifungwa ilipofika saa tatu kasoro robo asubuhi, na kinyozi Abundio Ek hakugusa kidevu cha mtu mpaka saa nne ipite, kwa kuwa wembe na kikohozi havipaswi kukutana shingoni mwa mteja. Katika saa hiyo Wilberta aliunguza pilipili kavu uani kwake hadi zikawa nyeusi kama mkaa, akazizima kwa maji, akaziosha mara saba kuondoa uchungu, kisha akazisaga pamoja na vitunguu saumu, karafuu na pilipili manga. Kilichotoka hapo ni recado nyeusi, kiungo kizito kama lami, na pasipo hicho hapapikwi bata mzinga wa mchuzi mweusi. Na pasipo bata mzinga huyo, kwetu hakuna harusi wala kumbukumbu ya marehemu inayohesabiwa kuwa imefanyika.

Nataja kikohozi mapema kwa sababu ndicho shahidi pekee ninayemwamini katika habari hii.

Miaka miwili iliyopita Shefu Leandro Iturbe alihamia mtaani. Alitoka mji mkuu, alikuwa na kipindi chake cha televisheni, na uso wake ulichapwa kwenye aproni zinazouzwa uwanja wa ndege. Alinunua nyumba ya marehemu mthibitishaji nyaraka, milango sita kutoka kwa Wilberta, akafungua mkahawa akauita Jivu. Katika kipindi cha uzinduzi alishika pilipili moja kwa vidole viwili, akaitazama kwa huzuni, akasema, “Kila alfajiri tunaziunguza wenyewe, hapa hapa uani, kama nilivyofundishwa na bibi mmoja wa mtaa huu ambaye leo hatunaye.” Tangu hapo walimiminika Wahispania, Wakanada na watu wa mji mkuu, wote wakitaka kuonja kilichookolewa kaburini. Ukutani, ndani ya fremu, palitundikwa kibali cha manispaa kinachoruhusu pilipili ziunguzwe katika ua huo siku yoyote ya juma.

Nilifanya kazi ya kusahihisha makosa ya gazeti kwa miaka arobaini, na kazi hiyo huacha ugonjwa: siamini jambo kwa sababu tu limechapwa, sembuse likiwa limewekwa kwenye fremu. Tena mimi huamka kabla ya waoka mikate. Alfajiri baada ya alfajiri nilikaa dirishani na kikombe changu cha kahawa. Nilinusa mkate. Nilinusa mvua. Moshi wa pilipili sikuunusa hata mara moja, na katika mtaa mzima hakuna aliyekohoa.

“Labda ana mashine za kunyonya moshi,” Abundio aliniambia.

“Ziko wapi?”

“Nitajuaje, Don Eleuterio? Mimi nilikwenda pale mara moja, nikaletewa sahani kubwa kama gurudumu, katikati kijiko kimoja cha chakula. Nikamuuliza mhudumu, hiki ndicho cha kuonja?”

Mwezi wa Septemba mambo yalianza kubana. Wilberta aliishi na dada yake mkubwa, Fidelina, katika vyumba viwili vilivyotazama uani. Mapafu ya Fidelina yalikuwa yameharibika. Alilala mchana kutwa katika bembea ya kamba akivuta pumzi kwa awamu, kama mtu anayepanda ngazi. Nilikwenda kuwasalimu nikamkuta Wilberta ameketi juu ya gunia la pilipili, karatasi ya hospitali mkononi.

“Daktari amesema neno moja tu,” aliniambia. “Ama moshi, ama dada yako.”

“Nawe umeamuaje?”

“Niamue nini? Nisipounguza, tutakula karatasi hii? Nikiunguza, namzika huyu.” Alimwonyesha dada yake kwa kidevu. “Nikaunguzie wapi, Don Eleuterio? Kichwani?”

“Mimi bado nasikia,” Fidelina alisema kutoka kwenye bembea. “Unguza tu. Nimezoea.”

“Nyamaza wewe. Kuzoea ndiko kulikokufikisha hapo.”

Nilipendekeza viwanja vya nje ya mji. Akanikumbusha kwamba chombo chake ni baiskeli ya magurudumu matatu, na kwamba magoti yake yana umri ule ule alio nao yeye. Alihitaji ua: mpana, wenye ukuta mrefu, karibu na nyumbani, mbali na bembea ya Fidelina. Nyua za namna hiyo mtaani kwetu zote zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na walionunua walichimba ndani yake mabwawa ya kuogelea.

Wiki mbili baadaye tangazo la manispaa lilibandikwa mlangoni pake. Yamepokelewa malalamiko kuhusu moshi. Wakazi wakutane katika shule ya msingi siku ya Alhamisi, mbele ya Bwana Baqueiro wa idara ya mazingira, atakayeamua kama uunguzaji wa pilipili katika nyumba hiyo upigwe marufuku. Mlalamikaji hakutajwa.

Sikuhitaji kutajiwa. Ni nani angefaidika na kufungwa kwa ua wa mwisho wenye moshi wa kweli, isipokuwa mwenye ua wenye moshi wa televisheni? Bibi aliyetangazwa kuwa marehemu alikuwa akiuza sokoni kila siku, milango sita tu kutoka mkahawani. Jambo hilo lazima lilimkosesha Shefu usingizi. Nilivaa koti, nikaenda Jivu wakati wa chakula cha mchana.

Niliagiza bata mzinga. Kijiko cha kwanza kilinitia mashaka, cha pili kikayathibitisha. Ladha ile niliijua kama ninavyojua mwandiko wangu. Nikamwomba mhudumu anionyeshe ua.

Ulikuwa ua mzuri, mpana, wenye ukuta wa mawe mara mbili ya kimo changu. Katikati palikuwa na shimo la kuunguzia lililojengwa kwa matofali, na ndani ya shimo, juu ya matofali safi, alilala mburukenge mkubwa wa kijivu, macho nusu wazi, akiota jua. Ngozi aliyojivua ilikuwa kando yake, imekauka. Kwenye kona moja buibui alikuwa ametanda utando wake.

“Mnaunguza hapa kila alfajiri?” niliuliza.

“Kila alfajiri, bwana,” mhudumu alijibu, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi.

“Na huyu?”

Mhudumu alimtazama mburukenge, mburukenge akamtazama mhudumu. “Huyo huja baadaye,” alisema.

Niliondoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu nilitaka kuona huko kunaingia nini. Nilichokiona ni baiskeli ya magurudumu matatu, ndoo nne zilizofunikwa kwa majani ya migomba, na Doña Wilberta akifuta jasho.

“Unamuuzia,” nilisema.

“Namuuzia.”

“Naye anawaambia watu umekufa.”

“Kwenye televisheni tu. Mlango wa nyuma ananiita mama.” Alishusha ndoo. “Usinikodolee macho hivyo. Amenunua kila Jumanne miaka miwili, hajakosa. Masharti yake nisiseme, nami sisemi.”

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa, hali ambayo siipendi. Kama weusi wote wa Jivu ulitoka kwa Wilberta, basi siku atakayofungiwa Wilberta, Shefu atabaki na sahani kubwa tupu. Asingeweza kuwa mlalamikaji. Niliwapitia majirani mmoja mmoja akilini. Abundio alipenda mapumziko yake ya Jumanne. Wenye mabwawa hawakujua hata manispaa iko wapi. Nilimshuku kila mtu, na kila mtu alikataa kushukika.

Alhamisi tulikusanyika darasani, tumekunja magoti kwenye viti vya watoto. Shefu Leandro alikuja na shati jeupe, na ilionekana hakulala vizuri. Wilberta aliketi mbele, amevaa huipili yake ya sikukuu, ile kanzu nyeupe yenye maua yaliyodariziwa kifuani. Bwana Baqueiro, kijana mwenye adabu na kikohozi chake mwenyewe cha mafua, alifungua faili akasoma.

“Kila Jumanne wingu huingia nyumbani mwangu bila kubisha hodi, hunikalia kifuani, na haliondoki mpaka limemaliza mazungumzo yake...”

Masikio yangu yalipata moto. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyaandika miaka kumi na miwili iliyopita, nilipokuwa nimehamia mtaani na bado sijajua Jumanne ni nini. Kati ya watu wote, mlalamikaji nilikuwa mimi.

“Barua haina jina wala tarehe,” Baqueiro alisema, “lakini hoja zake ni nzito. Doña Wilberta, una la kusema?”

“Ninalo, mwanangu. Aliyeandika ana haki. Moshi ule ni mbaya, na dada yangu unamuua. Uani kwangu sitaunguza tena. Ila nauliza: manispaa imetoa kibali cha kuunguza kwa mtu mwingine mtaani?”

Baqueiro alipekua karatasi. “Kipo kimoja. Mkahawa Jivu. Siku yoyote ya juma.”

“Na malalamiko juu ya Jivu yamekuja?”

“Hakuna hata moja.”

“Basi ua huo ni mzuri mno,” Wilberta alisema. “Unaunguza kila siku, haumkohozi mtu. Nami naomba Shefu anikaribishe Jumanne, saa moja tu.”

Shefu alisimama kwa tabasamu lililozoea kamera. “Doña, ingekuwa heshima kubwa. Kwa bahati mbaya ratiba ya jikoni, bima, wageni...”

“Shefu nisamehe, sijamaliza.” Aligeuka, akanitazama mimi. “Don Eleuterio, wewe huamka kabla ya jua. Hebu tuambie kweli yako. Katika miaka hii miwili, alfajiri hata moja, umewahi kukohoa kwa sababu ya Shefu?”

Viti vyote vidogo vililia kwa wakati mmoja. Abundio alitoa mguno wa mtu aliyetambua jambo akiwa amechelewa. Shefu alinitazama, nami nikaona jinsi uso unaochapwa kwenye aproni unavyokuwa ukiondolewa rangi. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelihifadhi miaka miwili kama mtu anayehifadhi chupa ya divai, na sasa nilifungua kinywa kulimimina.

“Jumanne!” Shefu alisema. “Jumanne inafaa. Tangu Jumanne hii. Itakuwa, itakuwa heshima.”

“Kila Jumanne?” Wilberta aliuliza.

“Kila Jumanne.”

“Iandikwe,” Wilberta alimwambia Baqueiro, na ikaandikwa. Baada ya hapo aliniomba radhi kwamba nimekatizwa. Kinywa changu kilikuwa bado wazi.

Jumanne hiyo mburukenge alihamia juu ya paa saa mbili asubuhi, akionyesha busara zaidi kuliko wengi wetu. Saa tatu moshi ulipanda juu ya ukuta wa mawe. Shefu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, alileta kamera. Alijaribu kueleza jambo kuhusu urithi, akapaliwa katika neno la pili, akatoka nje na leso machoni. Mpiga picha naye akamfuata. Wageni wa chakula cha asubuhi walikohoa kwa lugha tano. Wilberta, kitambaa kimefungwa puani, aliendelea kugeuza pilipili kwa mti mrefu. Baadaye kipindi kilirushwa hewani, naye alionyeshwa humo akiwa hai. Hakuna aliyeeleza alifufuka lini.

Mchana nilipita kwao. Dirisha la Fidelina lilikuwa wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona siku ya Jumanne. Alikuwa ameketi wima katika bembea, akimenya machungwa.

Wilberta aliniwekea bakuli la bata mzinga katika mchuzi mweusi, pamoja na chapati za mahindi zilizofunikwa kitambaa.

“Doña Wilberta,” nilisema, “barua ile niliiandika nakala moja.”

“Ee?”

“Sikuipeleka manispaa. Nilikupa wewe mkononi, kwa adabu, ili upate nafasi ya kujirekebisha. Kesho yake uliniletea bakuli kama hili, nami sikuandika nyingine.”

“Nakumbuka. Ulikula mawili.”

“Nauliza ilifikaje kwenye faili.”

Alikaa kitini, akatandaza mikono yake myeusi juu ya mapaja, akaitazama kana kwamba swali limeulizwa kwa mikono hiyo.

“Barua nzuri kama ile,” alisema, “ningeitupa?”

Fidelina alicheka, kisha akasubiri kikohozi kilichozoea kufuata kicheko chake. Hakikuja.

“Kula, chakula kinapoa,” Wilberta aliniambia.

Nilichukua chapati. Nililitazama lile bakuli kwa makini, nikijiuliza safari hii linanunua nini, na lini nitaambiwa. Halafu nikala.