Chungwa Kwenye Usukani

Kwa miaka ishirini na tisa dereva wa lori la mikate aliendesha huku anasema peke yake. Hakuwa na wazimu. Mzee aliyemfundisha udereva alimlazimisha kutamka kila alichokiona njiani: "Kona. Mama na ndoo. Mbuzi wawili, mmoja hajaamua." Akinyamaza kidogo tu, sikio linavutwa. Mdomo ukazoea, na wenzake kiwandani wakambandika jina la Redio.

Kisha likaja lori jipya. Lilijishikilia lenyewe katikati ya mistari, likapunguza mwendo likiona gari mbele, njia ikiwa wazi likaongeza. Kazi aliyoachiwa Redio ilikuwa kushika usukani tu. Akiuachia nusu dakika, kengele inalia ti-ti-ti, kama kifaranga aliyepotewa na mama yake.

"Bana chungwa hapo kwenye uwazi wa usukani, mzee wangu," fundi wa matairi alimnong'oneza. "Litadhani ni kiganja chako."

Akabana. Lori likadhani.

Tangu siku hiyo Redio ikazimika. Aseme nini, naye haulizwi kitu? Joto la mikate lilipenya kutoka nyuma, harufu yake tamu ikimlaza kama mto wa pamba. Miti ilikuja, ikapita. Alijiona tena mtoto, amekaa sakafuni kwa mama yake, anatazama vumbi likicheza kwenye mwanga wa dirisha. Macho yalikuwa wazi, lakini mwenyewe alikuwa mbali huko.

Juma lililopita alifika mji wa pili, akazima injini, akashuka, ndipo akagundua kwamba hakumbuki daraja. Daraja zima la chuma, refu, lenye kelele! Alilitafuta kichwani kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Hakulipata. Hakumwambia mtu.

Leo mkewe alikuwa kando yake. Ni mshonaji, alikuwa anawapelekea wajukuu nguo, amezipakata kwenye kifurushi kilichofungwa kwa utepe wa kijani. Mvua nyepesi ilikuwa imetoka kunyesha na jua limerudi, lami yote inang'aa.

"Baba watoto, mbona kimya? Redio imeisha betri?"

"Lori linajua njia, mke wangu."

"Na hilo chungwa ndilo dereva? Shikamoo, Chungwa!"

Redio alicheka kidogo, kisha akatazama mbele, akasahau kucheka. Miti ikaja, ikapita. Vumbi la dirisha la mama yake likaanza tena kucheza.

Mkewe akamtazama jicho. Lilikuwa wazi, lakini halikuwa na mwenyewe. Akakohoa, akaanza kazi isiyokuwa yake.

"Kibao cha hospitali. Baiskeli, imebeba godoro. Mbwa, anajifanya hatuoni. Mapipa mekundu…" Akainama karibu na kioo. Mbele barabara ilikuwa inatengenezwa. Mafundi walikuwa wamehamisha njia, wakapaka mistari mipya na kuifuta ya zamani kwa rangi nyeusi. Lakini kwenye lami iliyolowa, ile iliyofutwa ndiyo iliyometameta.

"Baba watoto," akasema polepole, "hapo mshono umefumuliwa. Alama za sindano bado zipo, lakini nguo imeshonwa kwingine. Mbona sisi tunafuata alama?"

Maneno yalimfikia Redio kana kwamba yanatoka chini ya maji. Mshono? Akaona mapipa yakisogea upande usio wake, na nyuma ya mapipa, shimo refu lililochimbwa kwa ajili ya mabomba, jekundu, limejaa maji ya mvua.

Mkono ukaruka kwenye usukani. Ukakutana na chungwa.

Kitu kidogo namna ile! Lilikuwa limebana, vidole vikateleza kwenye ganda. Akalichomoa kwa nguvu, akaukamata usukani kwa mikono yote miwili, akakata kushoto. Pipa moja liligongwa likabiringika. Mikate ikaporomoka nyuma. Lori likasimama, gurudumu likichungulia shimo.

Chungwa lilibingirika miguuni mwao, likatulia.

"Umekuwa ukiendesha hivi tangu lini?" mkewe akauliza. Mikono yake ilikuwa imekikumbatia kifurushi.

"Tangu mwezi uliopita. Na juma lililopita sikuliona daraja. Nililipita, mama watoto, na sikuliona. Ningekuambia, lakini niliogopa utasema nimezeeka."

"Umezeeka. Mimi pia. Lakini hukuwa umelala mwaka jana, na mwaka jana ulikuwa mzee vilevile."

Akaliokota chungwa, akalifuta kwa kanga, akalimenya kwa ukucha wa gumba, ganda likatoka refu, halikukatika. Akampa nusu. Walikula palepale, maji yakiwachirizika. Kisha Redio akabonyeza kitufe cha kuzima ule ujuzi wa lori. Usukani ukawa mzito mikononi mwake, ukawa wake.

Akarudi nyuma taratibu, akaingia kwenye mistari mipya.

"Pipa limelala," akasema. "Kosa langu. Fundi wa barabara, ananitukana."

"Ana haki."

"Ana haki. Kona. Mti. Bibi mmoja ubavuni, ana mbegu ya chungwa kidevuni."

Mkewe akajipangusa. Mbele, chuma kikaanza kuonekana juu ya majani, kijivu, kirefu, chenye kutu kwenye viungo.

"Daraja," Redio akasema, na lilipoanza kupiga kelele chini ya magurudumu, akalisema tena.