Kipande cha Nzilani

Sikieni, mimi sichezi kwa kubahatisha. Miaka tisa niko timu ya taifa ya raga ya wanawake, ile ya wachezaji saba kila upande, na hakuna mtu amenipita upande wa kulia akaenda kusimulia. Kwa hiyo niliporudi nyumbani Kikima bega likiwa limeteguka, sikumwambia mtu. Ijumaa kulikuwa na mchujo Nairobi wa timu ya kwenda Dubai, na hiyo nafasi ilikuwa yangu. Tena mwaitu, mama yangu, alishaniapia: ukiumia tena, raga basi.

Kumbe Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya mwethya, ile kazi ya kusaidiana nyumba kwa nyumba. Akina mama ishirini walifika asubuhi na majembe kutuchimbia mitaro ya kuzuia udongo pale mteremkoni. Mwethya haina mchezo: wa nyumba inayosaidiwa asipochimba kipande chake, wote wanaenda zao.

Nikashika jembe. Kila nikiliinua, bega linanichoma mpaka machozi, na mimi nacheka kwa sauti nisishukiwe. Nikawa nakwangua tu juu juu. Nduku, mwenyekiti wao, mama asiye na breki mdomoni, alikuwa amepangwa karibu nami. Akasimama ghafla.

"Nzilani! Kipande chako nimekichimba mimi tangu tuanze. Huko ng'ambo ndio mnachezanga hivi?"

Wote wakaacha kazi. Niliona aibu, aibu ya kweli, maana Nduku ana miaka sitini. Na nikajua uwanjani ingekuwa vile vile: mtu angepita kwangu, na msichana wa pembeni yangu angebaki kukaba wawili peke yake.

"Bega limeteguka," nikasema. "Nimeficha wiki mbili."

Mwaitu, aliyekuwa akichimba mtaro wa chini yetu, hakuinua hata kichwa. "Ai, kwani sikuoni unavyojifunga leso kwa mkono mmoja? Mpigie kocha."

"Mchujo ni kesho, mwaitu. Nikisema, naachwa."

"Mpigie."

Nikapiga hapo hapo, mbele ya wanawake ishirini, nikaeleza yote. Kocha akasema jina langu linatoka, Dubai siendi. Iliniuma sana. Lakini kulia? Mimi? Nitarudi, na atakayekaa hapo kwangu asizoee.

Mwaitu akaninyang'anya simu. Nikajua sasa ndio anaimaliza raga yangu.

"Kocha, mimi ni Kasiva, mamake. Hilo bega linapona kwa miezi mingapi? Mitatu? Sawa. Miezi mitatu hatashika jembe, hatateka maji, nguo nitamfulia mimi. Lakini nafasi yake usimpatie mtu moja kwa moja; akipona anairudia. Umenisikia?"

Akanirudishia simu, akachukua jembe langu.

"Haya, akina mama, msiende. Kipande chake ni changu."